Mwaka Niliokuwa Nikinyoosha Kiingereza

Nilikwenda kumzika Bwana Kalunde kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu kwamba amezikwa. Waombolezaji walikuwa wengi chini ya maturubai, na baadhi yao walilia kwa dhati, jambo ambalo sikulitarajia. Kisha ukasomwa wasifu wa marehemu, kwanza kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni, halafu kwa Kiswahili kwa ajili yetu tuliobaki. Kiingereza chake kilinyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Humo ndani nikasikia kwamba marehemu, enzi za ujana wake kazini, alisimama kidete kuwatetea wakulima wa mpunga wa delta ya Rufiji wasinyang'anywe ardhi, na kwamba kitongoji cha Nyakiwale kipo hadi leo kwa sababu yake. Mama aliyekaa kando yangu akaguna kwa kukubali. Mimi nikainuka nikaenda kusimama penye magari, kwa kuwa ningebaki pale ningesema neno, na msibani si mahali pa kusema maneno niliyokuwa nayo. Nilikuwepo Nyakiwale ilipokaribia kufutwa. Aliyeshika kifutio alikuwa yeye.

Sitaeleza nilikozaliwa wala wazazi wangu walikuwa nani, haihusiani. Inatosha kwamba mwaka huo nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada mkononi, na serikali, ambayo iliwapangia kazi waliotutangulia kabla hata hawajavua majoho, ilikuwa imeacha kupanga. Ilikuwa miaka ya ruksa. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, mitumba ilitandazwa kila kituo cha basi, na yeyote aliyekuwa na mkoba na ramani aliitwa mwekezaji. Chuoni mhadhiri mmoja alitufundisha ujamaa asubuhi na mwingine akatufundisha soko huria mchana, nikatoka pale simwamini wa asubuhi wala wa mchana. Nilikuwa nauliza kila kitu, na kwa namna ya kuudhi. Hilo nalijua na sikuwahi kuliona kuwa kosa. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa kitivo: anahitajika mtu wa kurekebisha Kiingereza cha ripoti, kituo cha kazi Kibiti. Sikuuliza ripoti ya nini. Ni mara moja ambayo sikuuliza.

Ofisi ilikuwa nyumba ya bati kando ya barabara ya kusini. Chumba cha mbele, chenye zulia na feni, kilikuwa cha Bwana Kalunde. Chetu kilikuwa cha nyuma, na kati yetu palikuwa na ukuta wa plaiwudi ambao haukuzuia hata kikohozi. Popo walikaa darini. Stoo ya jirani ilihifadhi samaki wakavu, na harufu yake iliingia katika karatasi, katika nywele, hadi katika chai. Palikuwa na kompyuta moja, ambayo ilifanya kazi jenereta ilipokubali, na juu yake walitandika kitambaa cha kufuma kama vile ni redio ya bibi harusi. Mchana tulipikiwa uani na Bi Tausi: wali wa nazi, kisamvu, na kamba walioletwa kutoka delta asubuhi ileile wakiwa bado wanarukaruka ndani ya kikapu. Bwana Kalunde aliwapenda kamba kupita kiasi. Alikaa mwanzo wa mkeka, shati jeupe limekunjwa mikono, akivunja vichwa vyao mmoja baada ya mwingine huku akituhubiria maendeleo. Mpaka leo sili kamba, na watu hudhani ni mzio.

Ripoti yenyewe ilihusu kamba. Kampuni moja ya kigeni ilitaka kuchimba mabwawa ya kuwafugia, katika eneo kubwa la delta, kwenye mikoko na mashamba ya mpunga. Kabla serikali haijakubali, na kabla waliokuwa wakiikopesha kampuni hawajatoa mkopo, ilibidi ijulikane nani anaishi wapi na analima nini. Penye watu pangeachwa, au watu wangelipwa. Pasipo na watu pangechukuliwa. Kazi ya kujua hilo alipewa Bwana Kalunde, naye akaajiri watu wa kwenda kuuliza, na mimi wa kunyoosha walichoandika.

Aliyeandika zaidi kuliko wote alikuwa Mwalimu Sefu. Alikuwa Mndengereko wa upande wa Ruaruke, mwalimu mstaafu, mtu mrefu aliyevaa kofia ya kiua na suruali yenye mkunjo wa pasi hata ndani ya mtumbwi. Alijifunza Kiingereza kabla ya Uhuru, kwa viboko, na alikiheshimu kwa sababu hiyo. Kila taarifa yake ilianza kwa hali ya hewa na afya ya mwandishi. Sentensi zake zilikuwa ndefu, zimejaa mapambo, na nyingi zilikuwa mbaya kabisa. Sisemi zilikuwa na uzuri uliofichika. Zilinipotezea saa nzima kutafuta kitenzi. Watu wa delta alikuwa akiwadharau, akiwaita wale wa majini, na kule kwenda kwao kila mara alikuchukulia kama adhabu. Lakini alikwenda. Alishuka chomboni, akakaa barazani kwao, akala walichokula, akarudi na matope hadi magotini na kurasa zisizosomeka.

Mara ya kwanza aliponiona nimemrekebisha alikuja kusimama mbele ya meza yangu na karatasi akaishika kwa ncha za vidole, kama kitu kilichookotwa. Alikuwa ameandika kwamba kiboko wa huko hapokei ushauri. Mimi niliandika kwamba viboko huharibu mazao.

"Binti, hapa umeandika nini?"

"Nimeandika ulichosema, Mwalimu."

"Mimi nimesema kiboko hapokei ushauri. Wewe umesema anaharibu mazao. Hata panya anaharibu mazao."

"Kiingereza hakisemi hivyo."

"Umemuuliza nani?"

"Nimesoma."

"Na mimi nimefundisha. Nilikuwa nafundisha Kiingereza mama yako hajui kusuka."

Tangu siku hiyo tukawa maadui, waziwazi na bila kujificha. Alinisalimia kwa kuwa dini ilimtaka anisalimie. Mimi nilimwamkia kwa kuwa alikuwa na umri wa babu yangu. Baada ya shikamoo na marahaba hatukuwa na kitu kingine cha kupeana isipokuwa karatasi. Bi Tausi alisema tunaishi kama wake wenza, na Mwalimu akamjibu kwamba wake wenza angalau wana mume wa kugombania.

Bwana Kalunde alifurahia ugomvi wetu. Alikuwa na namna ya kuingia chumbani kwetu, akachukua ukurasa, akausoma kwa sauti huku akitabasamu, akatikisa kichwa kwa huruma. Kiingereza kibaya ni aibu kwa nchi, alisema, mgeni akisoma hivi atadhani sisi bado tuko mtini. Yeye mwenyewe alizungumza Kiingereza kizuri, cha upole, kisicho na kona. Na alikuwa na neno moja la kukosoa: haikai vizuri. Alilisema kwa Kiswahili, akipiga ukurasa kwa ukucha. Hii haikai vizuri, iondoe. Mwanzoni nilimkubali, nikaona amenizidi sikio la lugha. Aliposema haikai vizuri kuhusu sentensi ya Mwalimu yenye vitenzi vinne vinavyopigana, ilikuwa kweli haikai. Kisha akasema hivyo kuhusu sentensi moja fupi, safi, niliyoiandika mwenyewe, iliyosema kwamba wanawake wa kijiji kimoja wanahofia maji ya kunywa yataingiwa na chumvi. Nikaiangalia ile sentensi kwa siku mbili tatu. Ilikuwa imekaa. Nikaanza kuzitazama zote alizoziondoa, nikaona kwamba zinafanana kwa jambo moja tu: kila moja ilikuwa na mtu ndani yake.

Nimekutana na wengi wa namna yake baadaye, katika ofisi kubwa kuliko ile ya Kibiti. Hawasemi uongo, wangesema uongo ungewakamata. Wanarekebisha lugha. Wanakuuliza kama hakuna neno laini zaidi, wanakuomba ufupishe, na ukimaliza kufupisha unakuta kijiji hakipo.

Masika ilipokaribia kwisha Mwalimu Sefu alirudi kutoka Nyakiwale na taarifa yake. Katikati ya mapambo palikuwa na sentensi iliyonifanya nicheke kwa sauti. Ukiirudisha kwa Kiswahili ilisema hivi: nyumba za hapa zimekwenda mpungani pamoja na milango yake, zimeacha kuta ziangalie mji. Alikuwa amekaa dirishani anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. Nikamwuliza, nikiwa bado nacheka, maana yake nini.

"Soma tena."

"Nimesoma tena."

"Basi endelea kusoma. Wewe si una shahada?"

Hakunieleza, siku hiyo wala iliyofuata. Na huku Bwana Kalunde alikuwa ameshapita Nyakiwale mwenyewe, asubuhi moja, ndani ya boti ya mashine, bila kushuka. Kutoka majini alihesabu nyumba. Yenye mlango aliandika ina watu. Isiyo na mlango aliandika ni hame. Kwa hesabu hiyo karibu Nyakiwale yote ilikuwa mahame, nyumba za watu waliohama zamani, zikisubiri kuanguka. Kwenye ramani iliyobandikwa ukutani kwake sehemu hiyo ilipakwa rangi ileile ya mikoko mitupu. Nilipomwambia kwamba taarifa ya Mwalimu inasema jambo jingine, aliniuliza inasema nini. Nikasema bado sijaielewa. Akatabasamu.

Nikaomba kwenda. Nilidanganya kwamba nataka kuhakiki tahajia ya majina ya vitongoji, na Bwana Kalunde, ambaye aliheshimu tahajia, akakubali. Tulipanda chombo Nyamisati, mimi na Mwalimu Sefu, tukakaa tumepeana migongo. Mkondo uliingia kati ya mikoko, ukagawanyika, ukagawanyika tena, matope yananuka yai bovu, kaa wekundu wanakimbia kwenye mizizi. Nyakiwale ilikuwa juu ya tuta la mchanga: nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, zimefagiliwa mbele, mawe ya mafiga yamepangwa vizuri ukutani. Na milango hakuna. Uliingia nyumbani kwa mtu kama unavyoingia kwenye pango. Nyumba mbili tatu tu zilikuwa na milango, imefungwa, na mbele yake nyasi zimeota. Mwalimu alisimama akiniangalia nikizunguka, ameridhika kabisa na ujinga wangu.

Watu walikuwa ng'ambo, mashambani, juu ya madungu. Dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, unapanda kwa ngazi, na kutoka kule juu unalinda shamba dhidi ya ndege, ngedere, nguruwe na huyo kiboko asiyepokea ushauri. Familia nzima huhamia huko mpunga unapoanza kuzaa, wanapika huko, wanalala huko, mpaka wavune. Mwenyeji wetu alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Bi Hadija, mwenye sauti iliyopasuka kwa kupigia ndege kelele. Alitukaribisha juu, tukapanda, akanionyesha mahali pa kukaa. Nilikalia mbao nzito, laini kwa kukaliwa, na kwenye ukingo wake palikuwa na komeo. Nilikuwa nimekalia mlango.

Nikauliza. Bi Hadija akanitazama, akamtazama Mwalimu, akawaita wenzake wa dungu la jirani waje wasikie swali. Walicheka mpaka ndege wakatua mpungani. Kisha akanieleza, polepole, kama unavyomweleza mgeni namna ya kunawa. Nyumba ni udongo, ikianguka unakanda nyingine. Mlango ni mbao, umeununua au umechongewa, unakaa nao maisha. Ukienda shamba unaung'oa, unaupakia mtumbwini, unaulalia juu ya maji. Ukirudi unaurudisha. Nikauliza zile nyumba zenye milango ni za nani.

"Hao wameaga," alisema. "Mmoja amekufa, wengine wamehamia Mbagala. Mtu akiondoka moja kwa moja anafunga mlango na kuuacha. Anayerudi ndiye anayebeba."

Bwana Kalunde alikuwa amewaandika waliokufa na waliohama kuwa ndio wakazi, na wakazi wote akawaandika kuwa wamehama. Mwanamke mwenzake Bi Hadija akauliza kwani huyu binti ana kazi gani. Mwalimu Sefu akajibu kwamba kazi yake ni kunyoosha maneno ya watu. "Amnyooshe na mume wangu," akasema yule mama, na kelele za kuwapigia ndege zikaanza upya. Tukapewa wali mpya na samaki wa kuchoma, tukala kwa mikono kutoka ungo mmoja, mimi na Mwalimu, vidole vikikwepana. Alipomaliza alisema, akiangalia mpunga na si mimi, kwamba watu wa majini wana ushamba mwingi, lakini mlango ni mali ya mtu.

Niliporudi Kibiti niliandika aya moja ya Kiingereza kilicho wazi kuliko chochote nilichowahi kuandika. Watu wa Nyakiwale hung'oa milango yao wakati wa mpunga na kuirudisha baada ya mavuno. Nyumba zisizo na milango ndizo zenye wenyewe. Bwana Kalunde aliisoma akiwa amesimama. Ukucha ukapiga ukurasa.

"Hii haikai vizuri."

"Haikai vizuri kwa vipi?"

"Ni hadithi. Ripoti haina hadithi."

"Ni kweli."

"Dada, mimi sikukuleta hapa kutafuta kweli. Nilikuleta kwa Kiingereza."

Niliiandika tena kwa maneno mengine, akaiondoa tena, mara hii bila kuisoma. Mchana huo, akidhani niko uani, nilimsikia kupitia plaiwudi akizungumza na mtu wa kampuni. Yule mtu aliuliza kama kuna tatizo Nyakiwale. Hakuna, alisema Bwana Kalunde kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, wale ni watu wa kupita tu. Wakirudi watakuta vigingi, watapiga kelele kidogo, watazoea. Nilikuwa nimeshika sahani ya wali. Niliiweka chini, nikarudi mezani.

Mwishoni mwa ripoti palikuwa na kiambatisho cha maoni ya wananchi. Bwana Kalunde alikitaka kiwepo kwa kuwa ilitakiwa kiwepo, na hakukisoma; alisoma muhtasari na sura za mbele. Aya yangu angeitambua kwa kuitupia jicho tu, alikuwa ameshaanza kuiwinda. Lakini Kiingereza cha Mwalimu Sefu alikuwa ameacha kukisoma siku nyingi. Nikainyoosha taarifa yote ya Nyakiwale, hali ya hewa nikaiondoa, afya ya mwandishi nikaiondoa, kila kitu nikakiweka sawa. Ile sentensi moja nikaiacha kama alivyoiandika. Sikugusa hata nukta. Nilifikiri hivi: msomaji huteleza juu ya Kiingereza kilichonyooka kama gari kwenye lami, halafu hakumbuki alipopita. Hapa nataka gurudumu liingie shimoni. Mwalimu sikumwambia. Hatukuwa tunaambiana mambo.

Mzungu aliyetumwa na wakopeshaji alikuja baada ya ripoti kutumwa, na njiani gari lake lilikwama kwenye tope kabla ya Kibiti kwa sehemu kubwa ya siku. Hakuwa na kitu kingine cha kusoma. Tulikutana naye chumba cha mbele, kwenye zulia: yeye, Bwana Kalunde, mtu wa kampuni, ofisa mmoja kutoka wilayani, sisi wadogo tumejipanga, migongo ukutani. Alisifu ripoti. Kisha akafungua nyuma kabisa na kuuliza, kwa Kiingereza cha taratibu, nyumba zinakwendaje mpungani na milango yake. Akaisoma sentensi yote kwa sauti.

Bwana Kalunde alicheka kwanza, na kicheko chake kikawapa wengine ruhusa. Alisema wasaidizi wetu wa vijijini Kiingereza chao ni cha porini, mgeni awasamehe, na mhariri wetu ameruhusu moja impite. Ofisa wa wilaya akairudia ile sentensi kwa Kiswahili, akicheka mpaka akafuta macho. Nikasema kwamba haikunipita. Bwana Kalunde alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa anatabasamu.

Mwalimu Sefu alisimama. Nikamwambia kwa sauti ya chini aeleze kwa Kiswahili, nitatafsiri. Akanijibu, kwa Kiingereza, kwamba lugha hii anaijua. Akaanza. Hasira ilimharibia hata kile Kiingereza alichokuwa nacho. Maneno yalitoka yamepinda, yanakanyagana, na Mzungu akawa anainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya. Wale wengine wakazidi kucheka. Basi Mwalimu akaacha maneno. Akainua mikono, akashika mlango usiokuwepo, akaung'oa, akautwika kichwani, akatembea nao katikati ya zulia akiwa amekunja magoti kwa uzito wake. Akaulaza juu ya meza ya Bwana Kalunde. Akaweka shavu lake juu ya viganja, akafumba macho, kama mtoto anavyoonyesha kulala. Mzee yule, na kofia yake ya kiua, na suruali yenye mkunjo. Kisha akaamka, akautwika tena, akaurudisha ulikotoka, akaupachika.

Mzungu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Akauliza, kwa hiyo wanarudi? Mwalimu akasema ndiyo, na hilo alilisema kwa Kiingereza sahihi.

Kesho yake walikwenda Nyakiwale kwa boti, Mwalimu akiwa pamoja nao, na safari hii walishuka. Mimi sikuchukuliwa. Waliporudi, yule mgeni alitaka ramani ipakwe upya na mpaka wa mabwawa uvutwe mbali na kitongoji na mashamba yake. Bwana Kalunde hakupinga hata kidogo. Usiku haukupita kabla hajaandika upya sura nzima, kwa Kiingereza kizuri sana, akieleza jinsi yeye na timu yake walivyogundua desturi ya milango. Nadhani aliamini alichoandika. Ndicho kilichosomwa chini ya maturubai miaka yote hii baadaye, na yule mama akaguna. Mimi aliniita, akaniambia kazi yangu imekwisha na kwamba siaminiki, jambo ambalo kwa upande wake lilikuwa kweli.

Kabla sijapanda basi nilikwenda kwa Mwalimu Sefu. Najua kwa nini nilikwenda: nilikuwa kijana, nilikuwa nimeshinda, na nilitaka mtu mmoja wa kushangilia naye. Nilimkuta barazani, bila kofia. Hakuwa amekuja kazini tangu waliporudi kutoka delta. Mkewe alinipokea vizuri, akatandika mkeka ndani, akaleta wali wa nazi na samaki wa mchuzi, akatuacha. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, saa ya ukutani, na picha ya darasa la zamani, yeye katikati na fimbo mkononi. Nilimwambia kwamba Nyakiwale watavuna na watarudi nyumbani kwao. Alisema anajua, amepaona. Bi Hadija alimpa mpunga wa mbegu kama zawadi.

Kisha akaniuliza kama ile sentensi niliiacha kwa kusahau. Nikasema hapana, niliiacha kwa makusudi.

"Niambie kweli, mwanangu. Ilikuwa nzuri au mbaya?"

Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya hapo. Ningeweza kusema ilikuwa nzuri. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba pale kwenye zulia, wakati wanacheka, alisimama akiamini mimi niliiacha kwa sababu niliipenda.

"Mbaya, Mwalimu."

"Kwa nini basi uliiacha?"

"Kwa sababu ilikuwa mbaya. Ingekuwa nzuri asingeuliza."

Alinawa mkono wake kwenye bakuli, kidole kimoja baada ya kingine, akaufuta. Kisha akamwita mkewe aje aondoe sahani. Nilikuwa bado nakula.